Shajara ya mradi: mameneja wa vituo vya kahawa Kasese wanajifunza kuamua na kugawa fedha

3 Februari: tunapoanzia

Naandika kumbukumbu hizi ili mwenye ushirika unaofanana na wetu aone tulichojaribu, kilichoshindikana na kilichotugharimu.

Ushirika wetu una vituo vinane vya kupokea kahawa ya arabika kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Vya chini viko karibu na barabara ya Bwera, vya juu viko upande wa Kyarumba ambako boda yenyewe hupanda kwa kusukumwa. Kazi ya kituo inajulikana: mkulima analeta kahawa mbivu, inapimwa, inatiwa majini ili nyepesi zielee zitolewe, inamenywa siku hiyohiyo, inavundikwa, inaoshwa, halafu inaanikwa kwenye vichanja mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 12 hivi. Kila kituo kina meneja wake. Ukiongeza mhasibu, msimamizi wa ubora na msimamizi wa usafiri, ninao watu 11 wa kufundisha.

Shida iko kwenye fedha. Mwaka huu bodi imetenga shilingi milioni 48 za kuandaa vituo kabla ya mavuno makubwa. Maombi ya vituo, nilipoyajumlisha jana usiku, ni milioni 131. Kwa desturi tunagawa kwa nane, kila kituo kinapata milioni 6, watu wanaita hiyo haki na kikao kinakwisha mapema. Mwaka jana kituo kimoja cha chini, chenye vichanja vya kutosha, kilitumia sehemu ya fungu lake kununua viti vya plastiki. Wiki hiyohiyo kituo cha juu kabisa kilianika kahawa juu ya turubai chini kwenye udongo, ikanyeshewa. Nimeishika kahawa ile mkononi, ilikuwa inanuka kama nguo iliyokaa mbichi siku tatu. Mkulima wake alikuwa ameshafanya kila kitu sawasawa.

Bajeti ya mafunzo ni milioni 3. Tutakutana kila baada ya wiki mbili.

17 Februari: siku ya kwanza imeshindikana

Nilikodi ukumbi mjini Kasese wenye projekta. Nilikuwa na slaidi 46 za Kiingereza, na mfano wa kiwanda cha ng'ambo kinachochagua mahali pa kujenga ghala. Watu walinyamaza kwa heshima, wakaandika, wakala chakula cha mchana. Saa tisa nikawapa zoezi: gaweni milioni 20 kwa vituo vinne vyenye mahitaji tofauti. Makundi yote matatu yaligawa milioni tano tano. Saa sita nzima za kufundisha hazikubadilisha hata shilingi moja.

Nilipokuwa nakunja nyaya, mzee anayesimamia kituo cha tatu alinisogelea akasema, "Mwalimu, hesabu tumeelewa. Lakini lile ghala si letu. Hatuna uchungu nalo."

Gharama ya siku: ukumbi, projekta, chakula na nauli, jumla 640,000.

Nimebadilisha mambo matatu. Ukumbi hatuutaki tena, tunahamia chini ya paa la kituo chenyewe. Mifano yote itatoka kwenye milioni 48 zetu. Na lugha ni Kiswahili. Kundi letu lina Wakonzo, Watooro, na mhasibu aliyetoka mashariki. Wengi Kiswahili walikipata soko la Mpondwe mpakani na Kongo, kambini, au kwa wazazi waliofanya kazi mgodi wa shaba wa Kilembe kabla haujafungwa mwaka 1982. Kiingereza wanakisoma vizuri, ila sijawahi kuona watu wakibishana kwa moyo juu ya pesa kwa lugha ya ripoti.

3 Machi: tatizo na malengo

Tunafuata hatua tano zilizopangwa na Hammond, Keeney na Raiffa mwaka 1999: tatizo, malengo, njia, matokeo, na kuachia hiki ili upate kile. Wasimamizi wa wanyamapori Marekani wanaitumia njia hii kwa maamuzi ya mito na mbuga, kwa hiyo si ya viwanda peke yake.

Tatizo liliandikwa upya mara nne. Tulianza na "pesa hazitoshi", ambayo haiamui kitu. Tukaishia na hili: "Tutumie vipi milioni 48 kabla ya mavuno ili mkulima apate zaidi na mapema, bila kuharibu mto wala kuumiza wafanyakazi?" Neno *mapema* liliingizwa na msimamizi wa usafiri, na baadaye ndilo lililogeuza kila kitu.

Kwenye malengo tulikwama karibu saa mbili. Nilipouliza tunataka nini, nililetewa orodha ya vitu: lori, mashine ya kumenya, pampu, vichanja. Hapo nikashika neno moja tu, *kwa nini*.

"Tunataka lori."
Kwa nini?
"Kahawa ishuke haraka."
Kwa nini ishuke haraka?
"Ikishuka tunauza, tukiuza mkulima analipwa."

Hapo ndipo lengo lilipo. Lori ni njia, na huenda ziko njia nyingine za kumlipa mkulima mapema zisizohitaji matairi. Tulipomaliza kupanda ngazi hiyo kwa kila kitu, vitu 19 vilizaa malengo matano: pesa inayobaki kwa mkulima kwa kila kilo, siku anazosubiri malipo, ubora kikombeni (alama wanazotoa waonjaji), usalama wa wafanyakazi, na maji machafu yanayoingia mtoni. Hili la mwisho lililetwa na mama anayesimamia kituo cha juu. Maji ya kumenyea yana tindikali na uchafu unaooza, na ng'ombe wa jirani zake wanakunywa chini ya bomba lake.

Atakayeiga asiruke zoezi hili la kwa nini. Nilitaka kulimaliza kwa nusu saa, na ningelifupisha tungegawa pesa kwa vitu.

Gharama 395,000.

17 Machi: kadi za kimya na makadirio

Mambo mawili leo.

La kwanza, mzee wa kituo cha tatu anapoongea wa kwanza, wengine wanafuata. Si woga, ni adabu, na sikutaka kuivunja. Sasa kila mtu anaandika jibu lake kwenye kadi kabla mdomo haujafunguliwa, kadi zinakusanywa kwenye kikapu, zinasomwa bila jina. Mzee mwenyewe aliipenda kuliko wote. Alisema ni mara ya kwanza kusikia wenzake wanafikiri nini.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Kugawa fedha kunategemea makadirio: kituo kitapokea kilo ngapi wiki ya kilele, mashine itaharibika mara ngapi. Niliwapa mameneja wanane maswali kumi kila mmoja kuhusu msimu uliopita, wakataja kiwango cha chini na cha juu ambacho wana hakika mara tisa kati ya kumi kwamba jibu limo ndani yake. Kisha tukafungua daftari za vituo. Kwa hakika waliyoitaja, majibu 72 kati ya 80 yalipaswa kuwa sawa. Yalikuwa 37.

Mtu anashika namba moja kichwani, kisha anaongeza kidogo huku na kupunguza kidogo kule. Tuliponya kwa kubadilisha mpangilio wa maswali. Kwanza: yakitokea mambo yote mabaya, kilo ngapi? Pili: mambo yote yakienda vizuri, ngapi? Tatu ndipo useme unayoidhani zaidi. Nne: una hakika kiasi gani? Raundi ya pili, kwa maswali mapya kumi, tulipata 58. Haijafika, lakini viwango sasa vimepanuka na watu wanavitetea kwa sababu ("mwaka ule barabara ilikatika siku sita").

Gharama 410,000.

31 Machi: kosa la uzito

Hapa nitakaa, kwa sababu kosa ni langu na karibu lile milioni 22.

Tulikuwa na mipango sita ya kutumia fedha, iliyochorwa kwa chaki ukutani. Safu za kwenda chini ni mipango, za kwenda kando ni malengo matano, na kwenye kila chumba matokeo tunayotarajia. Kazi iliyobaki ilikuwa kusema lengo lipi lina uzito gani. Nikampa kila mmoja maharage 100 na vikombe vitano, nikasema, "Gaweni maharage kwa kadiri lengo lilivyo muhimu."

Wakagawa. Ubora ulipata wastani wa maharage 38, ukaongoza kwa mbali. Siku za kusubiri malipo zilipata 12. Tukazidisha, tukajumlisha, na mpango ulioshinda ukawa kununua mashine mpya ya kumenya ya milioni 22 kwa kituo cha chini, kile kile chenye viti. Hesabu ilikuwa safi, hakuna aliyekosea kuzidisha. Jioni hiyo nilimpigia muuzaji Kampala aniandikie bei.

Kabla hatujatawanyika, mama wa kituo cha juu alikuwa bado ameinama mbele ya vikombe. Alichukua harage moja kutoka kikombe cha ubora, akalizungusha kati ya vidole, akatazama ukutani.

"Mwalimu, ubora umechukua maharage mengi. Lakini mpango mbaya kabisa unatoa alama 82, mzuri kabisa 83. Sasa haya maharage yote yananunua nini?"

Sikuwa na jibu. Nililala nalo.

14 Aprili: dawa ya uzito

Swali langu lilikuwa bovu. Ukimuuliza mtu wa kahawa kama ubora ni muhimu atasema ndiyo, na ni kweli. Lakini uzito hauwezi kutajwa hewani. Unatajwa kwa tofauti iliyopo mbele yako. Kwa kipimo cha waonjaji cha alama 100, kahawa inayofika 80 inahesabiwa kuwa ya daraja maalumu, na mipango yetu yote sita ilikuwa imeshapita hapo, ikitofautiana kwa alama moja. Siku za kusubiri zilitofautiana kutoka 19 hadi 4. Kwa mzazi mwenye ada ya shule, siku kumi na tano ndizo zinazompeleka kwa mchuuzi anayenunua kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kunyang'anya.

Tulifuta ukuta, tukaanza upya hivi. Nilichora mpango wa kubuni ulio mbaya kwa kila kitu: siku 19, alama 82, maji yote mtoni, mapato ya chini kabisa, ajali nyingi kabisa. Kisha nikauliza: "Ukiruhusiwa kupandisha safu moja tu kutoka mbaya kabisa hadi nzuri kabisa, utapandisha ipi kwanza?" Hiyo inapewa 100. Ya pili utaipandisha ipi, na kupanda kwake kuna thamani gani ukilinganisha na ile ya 100? Hivyo hadi ya mwisho, kila mtu kwenye kadi yake. Tukachukua namba ya katikati.

Yalitoka haya: siku za kusubiri 100, maji machafu 70, pesa kwa mkulima 65, usalama 40, ubora 15. Ukiyageuza yawe sehemu za mia, siku za kusubiri zina zaidi ya 34, na ubora umeshuka kutoka 38 hadi 5.

Msimamizi wa ubora aliumia, akasema ubora ndio jina letu. Nilimheshimu nikakaa naye pembeni. Hakuna aliyesema ubora ni mdogo. Tulichosema ni kwamba mipango hii sita haiusogezi. Ukija mpango unaoweza kuushusha hadi 76, uzito utapimwa upya na utapanda. Tumeandika sentensi hiyo chini ya jedwali kwa mkono wake.

Mashine ya milioni 22 ilishuka hadi nafasi ya tano. Nilimpigia muuzaji nikamwomba radhi.

Vikao viwili, 31 Machi na leo, vimekula 850,000 pamoja. Anayeiga aanze na swali la leo, ataokoa kikao kizima.

28 Aprili: kugawa milioni 48

Tulikata maombi yote kuwa vipande 23, kila kipande kina bei na faida yake kwa uzito tuliokubaliana. Unagawa faida kwa bei, unapanga kutoka juu, unanunua mpaka pesa ziishe. Kwenye karatasi ni kazi ya saa moja. Ilichukua siku nzima kwa sababu ya makosa manne.

Tulihesabu vichanja 80 vya kituo cha juu kama kitu kimoja, kikaonekana ghali kikaanguka. Tulipokigawa mara mbili, arobaini vya kwanza vilikuwa na faida kubwa sana na arobaini vya pili ndogo, maana vya kwanza ndivyo vinavyoinua kahawa kutoka udongoni. Tulinunua arobaini.

Kosa lililofuata lilikuwa kinyume chake. Pampu na bomba lake tuliviandika mbali mbali, pampu ikashinda na bomba likashindwa. Vitu visivyofanya kazi peke yake vinafungwa mzigo mmoja.

Tulichanganya pia pesa inayokwenda na pesa inayorudi. Mtaji wa mzunguko wa kumlipa mkulima pale pale mizanini haupotei, unarudi kahawa ikiuzwa. Tulikuwa tunauhesabu kama gharama kamili ukaonekana mbaya. Sasa tunauhesabu kwa kinachoweza kupotea kati yake, pamoja na usumbufu wa kuukosa mahali pengine.

La nne lilikuwa moyo wa mtu. Kituo kimoja kina injini iliyokwisha kula milioni 9, na meneja wake aliomba 5 zaidi, akirudia, "Tumeshaweka tisa." Hatukubishana naye. Msimamizi wa usafiri alichana kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, akakibandika ukutani juu ya safu ya pesa zilizokwisha tumika. Kikabaki kinachoonekana: milioni 5 zikitoka leo, zinaleta nini kesho? Meneja alikaa kimya muda mrefu, kisha akaondoa ombi mwenyewe. Aliumia, na sikutaka mtu apige makofi.

Hesabu ya kwanza iliacha vituo viwili mikono mitupu. Kelele zilikuwa kubwa na zilikuwa za haki, kwa sababu kituo kisichopata hata turubai kinapoteza wakulima na sisi hatukuwa na safu ya hilo. Tukakubaliana kila kituo kipate msingi wa milioni 1.5 kwa mizani na turubai, jumla 12, na milioni 36 zilizobaki zishindaniwe. Zimekwenda hivi: mtaji wa mzunguko milioni 14, vichanja vya kituo cha juu milioni 6, mashimo ya kutuamisha maji machafu vituo viwili milioni 7, ukarabati wa mashine ya kumenya milioni 4.5. Milioni 4.5 zimewekwa akiba, na zitatoka tu kama kituo chochote kitapitisha siku 10 za kusubiri kwa wiki mbili mfululizo. Kanuni hiyo imeandikwa leo, kabla mtu hajawa na shida ya kuivuta upande wake.

Gharama 405,000.

12 Mei: kuanguka kabla ya kuanguka

Zoezi hili ni la mwanasaikolojia Gary Klein. Nilisema: "Leo ni Desemba na mpango wetu umeanguka vibaya. Andikeni umeangushwa na nini." Dakika kumi za kimya.

Kadi tano zilitaja daraja. Kasese hakuna anayehitaji kukumbushwa mto Nyamwamba ulivyofurika mwaka 2013 na tena 2020. Kadi tatu zilisema pesa taslimu zitaporwa njiani. Tumekubaliana nusu ya malipo ya vituo vya juu ipitie simu, na ule ushuru wa asilimia 0.5 wa kutoa pesa kwenye simu uingizwe kwenye bei tangu sasa. Kadi moja ilisema mchwa. Kuna aliyependekeza kupaka miti ya vichanja mafuta machafu ya injini, msimamizi wa ubora akakataa kwa sababu kahawa inanyonya harufu. Kila mguu wa kichanja utasimama juu ya kibao cha saruji.

Gharama 400,000.

30 Juni: hesabu na kilichobaki

Mafunzo yamegharimu hivi: siku ya Februari 640,000, vikao sita vilivyofuata 2,460,000, kadi, chaki na vifaa 185,000, nauli zangu za kupanda vituoni 390,000. Jumla 3,675,000. Nimevuka bajeti kwa 675,000, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ni kikao kilichorudiwa kwa sababu ya swali la maharage.

Kosa kubwa la mwisho: sikuwaita wajumbe wa bodi tangu mwanzo. Walipoletewa mgawo mwezi Mei waliona namba bila safari yake, wakahamisha milioni 2 kutoka mashimo ya maji kwenda kwenye uzio wa ofisi. Mameneja sita walikwenda wenyewe na jedwali lililokunjwa. Hawakulalamika, waliwaomba wajumbe wapange kadi za uzito kama walivyopanga wao. Namba za bodi zilitoka karibu sawa na zetu, na milioni 2 zilirudi. Awamu inayofuata wajumbe wawili watakaa nasi tangu kikao cha malengo.

Meneja mmoja ameacha kazi, na mrithi wake hajui chochote cha haya. Mzee wa kituo cha tatu ameomba amfundishe yeye, kwa maharage, ila kwa swali la pili, lile la 14 Aprili.

Vichanja arobaini vimesimama. Wiki hii nilipanda kuvihesabu na mama wa kituo cha juu, tukapita mguu kwa mguu tukiangalia saruji. Viwili vimewekwa juu ya mawe tu kwa sababu saruji iliisha. Mfuko mmoja unapanda Jumatatu kwa boda. Msimu ukianza nitaandika hapa, kila wiki, siku za kusubiri za kila kituo.